Muulize Karani: Nyumba ina umri wake, baa ina wake

SWALI: Mama Karani, salamu nyingi kutoka Kisumu. Marehemu baba alituachia baa, mimi na kaka zangu wawili. Iko upande wa chini wa mji, si mbali na bandari, na wateja wameizoea hata jina lake hawalitaji, husema tu "twende kwa mzee." Juu ya paa kwa mbele pamechongwa mwaka 1936, na chini yake kulikuwa na jina la mtu ambalo limepakwa rangi mara nyingi hata halisomeki. Baba aliinunua mwaka 1969. Sasa ametokea mtu anayetaka kuinunua aibomoe ajenge ghorofa. Kaka zangu wameshalainika. Mimi bado. Nikiwauliza wazee wanaokunywa pale, napata hadithi tatu: mmoja asema ilikuwa kantini ya watu wa reli, mwingine asema ilikuwa stoo ya pamba ya Mhindi, na wa tatu anaapa kwamba babake alikunywa Tusker kwenye kaunta ile ile kabla ya vita vya Hitler. Nimwamini nani? Nimekutumia picha sita. Tafadhali usitaje jina la baa. – Binti wa mzee, Kisumu

JIBU: Binti yangu, pole kwa msiba. Kabla sijakujibu nikuambie kitu kitakachokuchekesha. Mimi ni Msabato, na bia sijawahi kuionja. Lakini kwa miaka 28 ya ukarani nilizunguka na bwana afya kukagua baa kabla ya leseni kutolewa, na nadhani nimeingia baa nyingi kuliko hao wazee wako wote watatu. Tulikuwa tukiingia saa nne asubuhi, viti vimepinduliwa juu ya meza, sakafu inanuka dawa ya choo na bia ya jana. Saa hiyo baa haina pa kujificha. Unaona ufa, unaona bomba lililopita pasipo pake, unaona ukuta uliovunjwa na ukuta uliozibwa. Baada ya muda nikawa siangalii tena kama choo kina maji tu. Nikawa naisoma nyumba.

Mzee wa tatu ndiye rahisi, tuanze naye. Bia yenyewe ilikuwapo. Kiwanda cha Ruaraka kilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst, na mwaka uliofuata George akauawa na ndovu mawindoni. Ndiyo sababu ya yule ndovu kwenye chupa. Ila sheria ya mkoloni haikumruhusu Mwafrika kuuziwa bia ya chupa mpaka mwaka 1947. Ya Mwafrika ilikuwa pombe ya kienyeji, na hiyo nayo mijini aliuziwa katika vilabu vya baraza, mfano wa kile cha Pumwani kule Nairobi, ambako faida iliingia mfuko wa baraza lenyewe. Kwa hiyo kabla ya vita, mtu mweusi asingeegemea kaunta yoyote ya Kisumu akaagiza Tusker mchana kweupe. Labda mlango wa nyuma, hilo sikatai. Lakini dhana yangu ni kwamba babake mzee alikunywa baada ya vita, pengine akiwa ametoka jeshini, na mwanawe ameuvuta mwaka nyuma kidogo. Wazee wetu hawadanganyi. Huvuta miaka kama mtu anavyovuta blanketi usiku.

Na yule wa reli? Ninaelewa anakoitoa. Reli ilifika ziwani Desemba 20, 1901, wakati huo mahali hapo pakiitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Preston, na kwa miaka mingi karibu kila kitu upande wa bandari kilikuwa cha reli au cha meli. Lakini mimi sijawahi kuona jengo la reli lenye jina la mtu binafsi na mwaka juu ya paa. Huo ulikuwa mtindo wa wafanyabiashara wa Kihindi: mtu alijenga, akachonga jina na mwaka ili anayeshuka meli aone kwamba ameshatulia mjini. Watu wa reli walikuwa wateja, na siku za malipo lazima walijaa pale mpaka kibarazani. Hapo ndipo neno "kantini" lilipozaliwa, naamini.

Sasa picha zako. Ile ya kibaraza ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Kwenye boriti, juu ya pale mhudumu wako alipotundika kalenda, kuna kulabu nene ya chuma. Usidhani ilikuwa ya taa. Hapo ilining'inia mizani. Mkulima alifika na gunia la mahindi au simsim au pamba, likapimwa kibarazani mbele ya macho yake, akalipwa, kisha akaingia ndani kununua chumvi, blanketi na mafuta ya taa kwa fedha zile zile. Mzee wa pamba basi ana nusu ya ukweli. Pamba ilipita hapo. Lakini stoo ya pamba haihitaji milango minne ya mbao ya kukunja inayotazama barabara. Hilo lilikuwa duka, binti yangu, na familia iliishi nyuma, kwenye vile vyumba vinavyozunguka ua.

Hata chumba mnachokiita cha waheshimiwa, picha ya nne, kilikuwa chumba cha watu. Tazama ule upenyo mdogo ukutani mlipopanga chupa za mvinyo. Kingo zake zimepakwa rangi, lakini juu kuna weusi wa moshi unaorudi kila mnapopaka, sivyo? Kama familia ile ilikuwa ya Kihindu, basi mvinyo wenu umekaa palipowekwa taa ya ibada. Mimi mwenyewe nilishtuka nilipofikiria hivyo, na sijui kama ningemwambia mteja.

Picha ya tano ndiyo yenye jawabu la swali lako. Juu ya kaunta kuna chuma chenye kutu kinachobeba ukuta. Hicho ni kipande cha reli. Waashi wa zamani walizipenda reli chakavu kwa kazi hiyo. Maana yake ni kwamba kulikuwa na ukuta hapo, kati ya duka na stoo, na mtu akauvunja ili apate ukumbi mmoja mpana wa kukaa watu. Siku ile reli ilipopandishwa ndiyo siku baa ilipozaliwa. Mwaka 1936 ilizaliwa nyumba tu.

Ukitaka, kwangua ubavu wa reli hiyo kwa brashi ya waya. Viwanda hupiga chapa ya jina na mwaka chuma kikiwa bado moto, na mara nyingi maandishi yanasomeka hata baada ya miaka mia. Lakini usikimbie nayo. Mwaka ule ni wa kutengenezwa reli, si wa kuvunjwa ukuta. Mimi niliwahi kumwambia mwenye nyumba mmoja kwamba jengo lake ni la mwaka 1899, kwa sababu ya reli kama hiyo. Akafurahi, akamwita mchoraji, akaandika mwaka huo ukutani kwa herufi kubwa nyekundu. Hati ilipopatikana, nyumba ilikuwa ya mwaka 1951. Maandishi hayajafutwa mpaka leo. Nikipita barabara hiyo nageuza uso.

Je, baba yako alinunua duka au alinunua baa? Mwaka 1969 unasema mengi. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 ilimfungia asiye raia milango ya kufanya biashara sehemu nyingi na kuuza bidhaa fulani, na Wahindi wengi waliokuwa na pasipoti za Uingereza wakaanza kuondoka. Mwanzoni mwa mwaka 1968 Uingereza nayo ikabana mlango wake. Maduka yaliuzwa kwa haraka, mengine pamoja na rafu na mizani, na wanunuzi walikuwa watu kama baba yako: karani, mwalimu, fundi wa meli, mwenye akiba kidogo na ujasiri mwingi. Wengine walikopa kwenye shirika la serikali la maendeleo ya viwanda na biashara. Jiulize kama mzee alikuwa na deni miaka ile ya mwanzo. Mama yako atakumbuka, kama yu hai. Wake hukumbuka madeni.

Na ukienda kuwauliza wazee, usiulize mwaka. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Mtu wa Kisumu wa umri ule muulize hivi: lile kaunta lilikuwapo kabla ya mkasa wa Russia au baada? Atakujibu bila kufikiri, kwa sababu hakuna aliyekuwa na akili zake Kisumu ile siku ya Oktoba 25, 1969, watu walipopigwa risasi wakati wa kufunguliwa hospitali ile iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ambaye hakumbuki alikuwa amesimama wapi. Kwa mambo ya zamani zaidi muulize kuhusu mvua kubwa za kuelekea uhuru, ziwa lilipofurika kuanzia mwaka 1961. Kwa ya karibu muulize mwaka ambao Gor Mahia ilileta Kombe la Mandela, 1987. Mteja wa "kwa mzee" atakuambia alikaa kiti gani usiku ule, nani alinunua raundi, na kama televisheni ilikuwa tayari imetundikwa.

Nikiwa bado kwenye picha, nikuonyeshe kitu ambacho hukukiuliza. Baa ya Kenya hujengwa na fundi mara moja, halafu hujengwa upya na sheria kila baada ya miaka kadhaa. Kile kibanda cha mabati kilicho uani, chenye benchi moja na mkebe wa majivu, hakikujengwa kwa ajili ya hewa safi. Ni sheria ya tumbaku ya mwaka 2007. Ule mlango wa pili mlioufungua kando ya barabara, wenye kibao cha chai na chapati? Ninaweka dau, ingawa dini yangu hairuhusu dau, kwamba ulifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2010 au mapema 2011. Ile sheria ya vileo ya Mututho, mbunge aliyeileta, ilipoanza, baa zikawa ni saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na wikendi kuanzia saa nane mchana. Wenye baa wakajikuta na nyumba iliyokaa bure kutwa nzima. Wengi wakakata ukumbi: hoteli mbele, baa nyuma. Sinki lililo nje, lisilo na bomba la kutolea maji taka, hilo hata mtoto anajua ni la mwaka 2020, mwaka baa zilipofungwa kuanzia Machi hadi karibu Oktoba. Natumaini mzee hakuumia sana. Wengi hawakufungua tena.

Ila nyavu za chuma zilizozingira kaunta hazikuletwa na sheria yoyote. Hizo zililetwa na usiku mmoja mbaya, na mhudumu wa zamani atajua ni upi. Muulize taratibu.

Kisha kuna rangi. Chukua shilingi kumi, ukwangue pembeni ya mlango mahali pasipoonekana. Kampuni za bia zilikuwa zikipaka baa rangi bure ili ukuta uwe tangazo lao, kwa hiyo tabaka zile ni kama kurasa. Utakuta manjano ya Tusker, labda mara mbili tatu. Na kama kuna tabaka jembamba la rangi ya kampuni nyingine katikati, usishangae: kuanzia mwaka 1998 Castle ya Afrika Kusini ilikuwa na kiwanda Thika, na kwa miaka kama minne hizo kampuni mbili ziligombania kila ukuta wa nchi hii. Mwaka 2002 zikapatana, Castle ikafunga Thika, na mchoraji akarudi na ndoo ya manjano. Mimi nilikuwa kazini wakati huo. Kuna baa moja niliyoikagua ikiwa na rangi tatu katika mwaka mmoja, na choo kikiwa kile kile kibovu.

Haya, sasa karatasi. Kuta zinasema, lakini hazitii sahihi.

Nenda kwanza kwenye ofisi ya ardhi Kisumu ufanye sachi ya ploti, yaani upekuzi wa rekodi zake. Usiende kutafuta historia kwanza. Nenda kutafuta mwaka wa mwisho. Ploti nyingi za mjini zilikodishwa na serikali kwa miaka 99, na hiyo miaka inahesabiwa tangu hati ilipoanza, si tangu nyumba ilipojengwa wala tangu baba yako aliponunua. Kama hati ilianza mwaka 1930, miaka hiyo inakwisha mwaka 2029. Huyo mnunuzi wenu, kama ana wakili, ameshafanya hesabu hii. Inawezekana ndiyo maana ana haraka, na inawezekana ndiyo maana bei yake iko hivyo ilivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa raia aliyekuwa na hati iliyokwisha nafasi ya kwanza ya kupewa tena ploti hiyo, ikiwa serikali haiihitaji kwa matumizi ya umma. Kwa hiyo msiuze kwa woga. Ombeni kuongezewa muda kabla haujaisha, ndipo mzungumze bei.

Na kaka zako "kulainika" hakutoshi. Ploti ingali kwa jina la marehemu. Mpaka mahakama itoe hati ya kusimamia mirathi na kuithibitisha, hakuna wa kuuza hata mlango, na sheria ya urithi haisemi mtoto wa kiume ana sauti kubwa kuliko wako. Sikuandiki haya ili mgombane. Nimewaona ndugu wengi wakija dirishani kwangu kulipa kodi ya ploti kwa zamu, kila mmoja akificha risiti yake, kama vile risiti ni hati ya kumiliki.

Baada ya sachi, omba ofisi ya kodi ya ploti ya kaunti wakuonyeshe orodha za zamani za uthamini. Zinataja mwenye ploti, na jina lililozama chini ya rangi pale juu linaweza kutokea hapo, limeandikwa kwa taipureta.

Kwa baa yenyewe, kitabu chako ni Gazeti Rasmi la Serikali. Matangazo ya mahakama za leseni za pombe yalikuwa yakichapishwa humo, na yalitaja waombaji kwa majina. Toleo nyingi za zamani sasa zinasomeka kwenye intaneti bila malipo. Tafuta Kisumu, kuanzia mwaka 1947 kuja mbele. Ukimkuta yule Mhindi ameomba leseni ya bia kabla ya mwaka 1969, basi baba yako alinunua baa iliyokwisha kuwa baa, na reli ile ilipandishwa na mwingine. Usipomkuta, na jina la kwanza likawa la baba yako, basi ukuta ule aliuvunja yeye. Kukiwa na pengo, panda gari hadi Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, lile jengo lililokuwa benki, uombe majalada ya Mkoa wa Nyanza. Beba penseli na sweta. Kule ndani ni baridi.

Hukuuliza waziwazi, lakini nadhani unataka kujua kama nyumba inaweza kulindwa isibomolewe. Inaweza kutangazwa kuwa turathi chini ya sheria ya makumbusho ya mwaka 2006, kwa tangazo la waziri gazetini. Anza kwa kuwaona watu wa Makumbusho ya Kisumu. Lakini nikuambie ukweli wangu: baa chache sana hufika huko, na ikitangazwa, hata wewe hutapachika sinki bila ruhusa. Mimi ningefanya hivi. Ningepiga picha kila kona, ningepima vyumba kwa futi, na ningemketisha yule mzee wa pamba na yule wa reli meza moja, chini ya kulabu ile, niwaache wabishane huku simu inarekodi. Bia zao utalipa wewe. Uamuzi wa kuuza uje baadaye, sachi ikiwa mkononi.

Na ukishausoma ubavu wa reli, niandikie. Ila usimwite mchoraji.

* * *

SWALI: Shikamoo Mama Karani. Mimi ni kijana wa Nakuru, nimeanza kazi ya kaunta katika baa ya zamani karibu na stesheni. Wazee wakiagiza bia huniambia "moto." Wenzangu wa rika hucheka. Bia ya moto ilitoka wapi, na kwa nini mtu ailipie? – Wa kaunta, Nakuru

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiwacheke, watakunyima bakshishi. Ninachoweza kukuambia ni nilichokiona. Nilipoanza kukagua, baa nyingi zilikuwa na friji moja, tena ndogo, na nyingine zilitumia mafuta ya taa. Humo ziliingia chupa chache tu. Kreti zilizobaki zilipangwa ukutani nyuma ya kaunta mpaka karibu na dari, na wengi walikunywa kutoka huko kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na bia. Mtu aliyezoea hivyo kwa miaka 20 hawezi kubadilishiwa na friji ya vioo. Na Nakuru yenu, pale chini ya Menengai, usiku wa Julai nani anataka kitu cha barafu?

Mume wangu, ambaye si Msabato, anakunywa moto mpaka leo. Anasema baridi huficha ladha. Mimi sina la kupinga, sijui ladha yenyewe. Ila kama mkaguzi wa zamani nakuomba jambo moja: hizo kreti zisiegemee ukuta wa nje unaopigwa na jua la mchana. Mzee akisema moto, hakumaanisha hivyo.